Kichwa Kikiuma Kila Wiki, Ichunguze Shingo

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko mjini Taveta. Tangu alfajiri mikungu ya ndizi, makreti ya nyanya na magunia ya vitunguu hushushwa na kupakiwa, mengine kwa mkokoteni, mengine mgongoni na kichwani. Mpakani, njia ya Holili, madereva wa malori husubiri karatasi zao huku wameinamia simu. Fundi cherehani naye kainamia kitambaa tangu asubuhi. Jioni ikifika, wengi wao hulalamikia kichwa, na dawa yao ni moja: tembe mbili kutoka dukani, kisha kulala.

Kichwa kinachouma mara mojamoja hutulizwa na tembe. Kinachouma kila wiki, mwezi baada ya mwezi, kinahitaji kutafutiwa chanzo. Makala haya yanahusu chanzo kimoja kinachosahaulika sana, nacho ni misuli ya shingo. Utasoma jinsi shingo inavyoumiza kichwa, jinsi ya kujitambua, mazoezi ya kufanya nyumbani bila gharama, na dalili zinazokutaka uende hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye maradhi haya asione haya kuyasema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao bilioni 3.1, takriban asilimia 40 ya watu wote duniani, walikuwa na maradhi ya kuumwa kichwa. Ni ugonjwa kamili, na unatibika.

Anza kwa kupima

Taveta ni nchi ya joto na maji. Mto Lumi, Ziwa Jipe na mifereji ya kumwagilia mashamba hutupa ndizi na mboga, lakini hutupa na mbu. Ndiyo maana kichwa kikianza kuuma, wengi husema malaria kabla ya kusema lolote lingine. Kama kuna homa, kutetemeka au viungo kuuma, nenda upimwe damu siku hiyo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kipimo kikionyesha huna malaria, usimeze dawa za malaria kwa kubahatisha. Na kichwa kinachouma kwa miezi bila homa yoyote si kawaida ya malaria.

Pima na presha. Kwa kawaida presha haiumizi kichwa mpaka ipande sana, kwa hiyo usiitegemee ikuonye. Wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mashine za kupimia presha, basi muulize wa kijijini kwenu. Ukiwa umevuka miaka 40 na unasoma kwa kuisogeza karatasi mbali, pima macho pia, kwa kuwa macho yanayojikaza huchosha kichwa na kukufanya uinamishe shingo zaidi.

Shingo inavyoumiza kichwa

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kinakaa juu ya pingili saba za shingo, na pingili hizo zinashikiliwa na misuli ya aina mbili. Ya kwanza ni misuli midogo ya ndani, iliyolala juu ya mifupa yenyewe. Kazi yake ni kukaza kidogo tu, lakini kwa saa nyingi, ili pingili zisiyumbe. Ya pili ni misuli mikubwa ya juu, ile unayoweza kuishika kwa vidole: mmoja unatoka kisogoni na kutandaa hadi mabegani, mwingine unatoka nyuma ya sikio na kushuka hadi kwenye mtulinga. Hii imeumbwa kwa kugeuka, kuinua na kusukuma, kisha ipumzike.

Fikiria turubai la sokoni lililofungwa kwa kamba nyingi. Kamba fupi za karibu na nguzo zikilegea, zile ndefu za nje hubeba uzito wote na kukazika kupita kiasi. Shingo nayo huwa hivyo. Misuli ya ndani ikidhoofika, ile mikubwa huchukua kazi isiyo yake na kukesha imekaza. Ukiibonyeza, inauma. Kwa watu wenye kichwa kinachotokana na shingo, watafiti wamekuta hali hiyohiyo: misuli ya ndani ya mbele ya shingo haina nguvu wala ustahimilivu, na ile ya juu inafanya kazi kupita kiasi.

Lakini kwa nini maumivu yasibaki shingoni? Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye pingili tatu za juu za shingo huingia mahali pamoja na mshipa mkubwa unaoleta hisia za uso, paji na macho. Habari za sehemu hizo mbili zinapokutana hapo, ubongo hushindwa kujua maumivu yametoka wapi hasa. Kwa hiyo msuli wa bega uliokaza unaweza kusikika kama maumivu ya panja. Ule wa nyuma ya sikio unaweza kuuma kwenye paji au nyuma ya jicho. Ile midogo iliyo chini ya kisogo huleta maumivu yanayozunguka upande mzima wa kichwa.

Tatizo hili pia hujizungusha lenyewe. Mtu mwenye maumivu hujikunyata, hupandisha mabega na huogopa kugeuza shingo. Misuli inazidi kukaza, ile ya ndani inazidi kulegea, na wiki ijayo kichwa kinarudi kikali zaidi.

Utajuaje kama kinatoka shingoni?

Kichwa kinachotoka shingoni huwa na dalili hizi, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo dhana inavyopata nguvu:

- Maumivu huanzia kisogoni au shingoni, kisha hupanda mbele.
- Hukaa upande mmoja, uleule kila mara.
- Huamshwa au huongezeka ukigeuza shingo, ukiinama muda mrefu au ukibeba mzigo.
- Shingo haigeuki vizuri upande mmoja. Jaribu kutazama bega la kulia, kisha la kushoto, uone tofauti.
- Ukibonyeza chini ya kisogo, maumivu yaleyale ya kichwa huja.

Maumivu yanayokaza kichwa chote kama kimefungwa mkanda, yasiyo makali sana wala ya kupwita, ni ya aina inayowapata watu wengi kuliko zote. Nayo pia huambatana na misuli ya shingo na mabega inayouma ikibonyezwa, na mazoezi ya shingo husaidia.

Kuna tahadhari kubwa hapa. Kipandauso, yaani kichwa kinachopwita, kinachochukia mwanga na kelele, kinachokuja na kichefuchefu na kumlaza mtu chumbani, nacho huumiza shingo. Wengi wenye kipandauso husikia shingo imekaza kabla ya kichwa kuanza, wakadhani shingo ndiyo iliyoleta kichwa. Kwa hiyo shingo kuuma peke yake haithibitishi chanzo. Kipandauso kina dawa zake, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ukiona dalili hizo, mweleze daktari waziwazi.

Usisubiri ukiona haya

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ikiwa:

- Kichwa kimeanza ghafla, ndani ya dakika moja, kikali kuliko chochote ulichowahi kusikia.
- Kuna homa na shingo ngumu, au mtu amechanganyikiwa, anasinzia kupita kiasi au amepata degedege. Hiyo huenda ikawa homa ya uti wa mgongo au malaria kali.
- Upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki au macho hayaoni vizuri.
- Kichwa kimeanza baada ya kuanguka kwa pikipiki au kugongwa, hata kama ni siku kadhaa zimepita.
- Ni mjamzito aliyepita wiki 20, au amejifungua karibuni, ana kichwa kikali, kuvimba au kuona vimulimuli. Hizo huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba.
- Anaishi na virusi vya UKIMWI na ana kichwa kipya kisichoisha.
- Ana zaidi ya miaka 50 na hajawahi kuumwa kichwa cha namna hii.
- Maumivu yanazidi siku hadi siku, yanamwamsha usiku au yanakuja na kutapika.

Mwenye dalili yoyote kati ya hizi asianze mazoezi wala kukandwa shingo kabla ya kupimwa.

Mzigo wa kichwani

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake. Waliwapima wanawake Waluo waliozoea kubeba kichwani na Wakikuyu waliozoea kubeba mgongoni kwa kamba ya kichwa. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mzigo ukipita hapo, gharama ilianza kupanda.

Utafiti huo ulipima nguvu inayotumika kutembea. Haukuwa kipimo cha afya ya shingo, lakini kiwango chake kinatufaa kufanya hesabu. Mama mwenye kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 na zaidi, yaani theluthi ya uzito wake. Utafiti mwingine, uliofanyika Afrika Kusini, Ghana na Vietnam na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba watu waliowahi kuteka na kubeba maji walilalamikia zaidi maumivu ya mikono na ya mgongo wa juu.

Anayeumwa kichwa mara kwa mara, basi, apunguze uzito unaokaa kichwani. Mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, ni afadhali kuliko mmoja wa 20 utosini. Toroli, baiskeli au punda ni bora zaidi. Palipo lazima kubeba kichwani, tumia ngata nene, omba mtu akutwike na akutue, na ugeuke kwa mwili mzima badala ya kugeuza shingo. Na kazi hii igawanywe nyumbani, kwa kuwa wana wa kiume na waume nao wana mikono na baiskeli.

Hesabu tembe zako

Dawa ya maumivu ikitumiwa mno hugeuka chanzo cha maumivu. Kwa mtu mwenye maradhi ya kichwa, mipaka ambayo madaktari duniani wameiweka ni hii: paracetamol, ibuprofen au aspirini zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zinaweza kuleta kichwa cha kudumu. Tembe za mchanganyiko, zile zenye dawa mbili au tatu pamoja na kafeini, pamoja na dawa kali kama kodini na tramadol, mpaka wake ni siku 10 tu.

Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni kutomeza dawa ya maumivu zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mtu mzima asipitishe tembe nane za paracetamol za miligramu 500 kwa saa 24, maana kupita hapo huharibu ini. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au presha asimeze ibuprofen bila kuuliza.

Kama umekwisha kuvuka mpaka, jua kwamba ukiacha, kichwa huweza kuuma zaidi kwa siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, kabla ya kutulia. Paracetamol inaweza kuachwa mara moja. Kodini na tramadol ziachwe kwa usimamizi wa daktari. Zipo pia dawa za kinga kwa kichwa cha kudumu, mojawapo ni amitriptilini, ambazo daktari huamua nani azipate.

Mazoezi ya shingo

Mwaka 2002 Gwendolen Jull na wenzake nchini Australia walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 200 wenye kichwa kinachotoka shingoni. Waliofanya mazoezi mepesi ya misuli ya ndani kwa wiki sita walipungukiwa na maumivu, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Mwaka uliofuata, jaribio la Finland kwa wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini wenye maumivu sugu ya shingo lilionyesha kwamba kuijenga misuli ya shingo kwa mwaka mzima kulipunguza maumivu yao. Mafanikio ya mazoezi haya yamo katika utaratibu na subira, si katika kutumia nguvu.

1. Kuitikia ukiwa umelala. Lala chali, magoti yamekunjwa, leso iliyokunjwa chini ya kichwa. Shusha kidevu polepole kama mtu anayeitikia “ndiyo”, bila kuinua kichwa kwenye leso. Weka vidole pande za mbele za shingo: misuli mikubwa ibaki laini. Ikikaza, umetumia nguvu nyingi mno. Shikilia kwa sekunde 10 huku ukipumua, kisha legeza. Rudia mara 10, asubuhi na jioni. Kama sekunde 10 ni nyingi, anza na tatu.

2. Mabega nyuma na chini. Kaa wima. Sogeza mifupa ya mabega nyuma na chini kidogo, kama unaipeleka kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Shikilia sekunde 10, mara 10. Hili linaweza kufanywa dukani, ofisini au ukiwa unasubiri abiria.

3. Kiganja dhidi ya kichwa. Weka kiganja kwenye paji na usukume kichwa taratibu, kiganja kikizuia, kichwa kisisogee. Hesabu hadi tano. Fanya vivyo hivyo kisogoni, kulia na kushoto. Tumia nguvu ndogo tu. Rudia mara tano kila upande.

4. Kunyoosha bega. Kaa juu ya mkono wako wa kulia, kisha inamisha kichwa kushoto mpaka usikie mvuto upande wa kulia. Kaa hapo sekunde 20 hadi 30, bila kuvuta kwa mkono. Badili upande. Mara tatu.

5. Kuvuta mpira, kuanzia wiki ya nne. Funga ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye nguzo, kimo cha kifua. Shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma ukibana mifupa ya mabega. Mara 10, pumzika, rudia tena mara mbili.

Mchoko mwepesi wa misuli baada ya mazoezi ni wa kawaida. Ukisikia kizunguzungu, ganzi mikononi au kichwa kikazidi, acha na uende kwa mtaalamu.

Kazini na nyumbani

Fundi cherehani, mama anayechambua vitunguu, mwanafunzi wa kidato cha nne na wakala wa M-Pesa wana adui mmoja, naye ni kukaa wameinama bila kubadilika. Hata mkao mzuri huchosha ukidumu. Kila nusu saa inuka, tembea hatua kadhaa, fanya zoezi la pili. Inua kitabu au simu hadi usawa wa kifua na uegemeze viwiko. Anayechambua mazao chini atafute meza au kreti la kuyainua.

Mwendesha bodaboda anayekaza mabega safari nzima ayashushe kila anaposimama, na arekebishe usukani au kiti asilazimike kuchomoza kidevu. Helmeti ibaki kichwani kila safari, kwani inaokoa maisha. La muhimu ni kuchagua inayokaa sawasawa. Anayesukwa nywele aombe mapumziko ya kuinua kichwa, na akatae misuko inayovuta ngozi, kwa kuwa hiyo peke yake inaweza kuumiza kichwa.

Usiku, mto mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na kichwa unatosha. Kulalia tumbo huiacha shingo imegeuzwa saa nyingi. Kunywa maji ya kutosha katika joto la Taveta, usiruke mlo, na ulale saa zilezile kila siku.

Usikubali shingo ipindwe

Vinyozi wengi humalizia kazi kwa kukanda kichwa, kisha hukigeuza ghafla mpaka shingo ilie. Wateja hupenda, lakini ndani ya pingili za shingo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mgeuzo wa ghafla unaweza kuichana na kuleta kiharusi. Haitokei mara nyingi, ila ikitokea inaweza kumlemaza kijana mzima. Mwambie kinyozi mapema: kukanda sawa, kugeuza hapana.

Pa kwenda na pa kuanzia

Nunua daftari dogo au tumia kalenda ya ukutani. Kila siku kichwa kinapouma, weka alama, uandike upande ulioumia, ulichokuwa unafanya na tembe ulizomeza. Siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, maana yake una kichwa cha kudumu na unahitaji kumwona daktari. Beba daftari hilo uendapo Hospitali ya Taveta, na uulize kama unaweza kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Ukihitaji uchunguzi zaidi, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, za duka na za miti shamba.

Wasio na dalili za hatari waanze leo jioni na zoezi la kwanza na la pili. Ongeza la tatu na la nne wiki ya pili, na la mpira wiki ya nne. Usihukumu kabla ya wiki sita. Zikiisha, linganisha alama za mwezi wa kwanza na za sasa. Zikiwa zimepungua, endelea angalau miezi mitatu, kisha mara mbili tatu kwa wiki maisha yako yote. Zisipopungua, rudi hospitali na daftari lako, daktari atafute chanzo kingine.